Bushi Tatu Ndani ya Mfuko wa Unga

Dole gumba la kulia la Sithambaram liliilisha nyumba yake kwa miaka thelathini na minne, kisha likafa kabla ya mwenyewe. Hakuna aliyejua ila mkewe. Sisi tuliokaa naye mtaa mmoja hapa Taiping, tuliokunywa naye kahawa kila Jumamosi asubuhi, tulilitazama dole lile likipanda na kushuka mbele ya macho yetu tukadhani bado lina uhai.

Alikuwa fundi wa magari ya zamani. Gereji yake ilikuwa nyuma ya duka la baiskeli, chini ya paa la mabati ambalo mvua ya mji huu haikuliachia hata siku mbili likauke. Kufungua injini wanajua wengi. Kupiga rangi, kushona viti, kunyoosha bodi, mafundi wapo tele kutoka hapa hadi Ipoh. Kwa Sithambaram watu walikwenda kwa jambo moja, bushi.

Asiyejua atauliza bushi ni nini hata zimpe mtu sifa. Ni kipande cha mpira chenye bomba la chuma katikati, kingine kidogo kama kizibo, kingine kikubwa kama kikombe. Kinakaa pale mkono wa gurudumu unaposhikana na mwili wa gari, ili chuma kisigonge chuma. Ukishakifunga hukioni tena. Lakini weka kibovu uone: gari ulilolihangaikia miaka mitatu, likapakwa rangi likang'aa, litaingia barabarani likilia kama kitanda cha gesti.

Na kuzichagua si mchezo. Kuna mpira mpya uliopikwa na watu wenye haraka, unanukia mafuta ya taa. Kuna mpira halisi uliokaa rafuni miaka kumi na tano ndani ya boksi lake safi, na wewe unaufurahia kwa kuwa haujaguswa, kumbe umeshakauka. Sithambaram aliikandamiza bushi kwa ukucha wa dole gumba, akaachia, akasikiliza kwa ngozi jinsi mpira unavyomsukuma kurudi. Mzuri hurudi kabla hujamaliza kusema moja. Alijifunza hivyo akiwa na miaka saba, kwenye shamba la mpira ambako mamaye aligema miti alfajiri na mchana akapanga mashuka ya mpira, utomvu uliogandishwa, kwenye nyumba ya moshi ya kukaushia, mazuri huku, mabaya kule. Mama aliminya, mtoto akaminya. Shule hakuiona sana.

Enzi zake alifika hadi kuchagua bila kutazama. Watu walitia bushi ndani ya mfuko wa kitambaa wa unga wa ngano, yeye akaingiza mkono, akaminya moja moja, akasema hii ya mwaka juzi, hii ya zamani, hii itupe mtaroni. Aliyebisha aliwanunulia wenzake chapati na mchuzi. Hatukumbuki siku aliyonunua yeye.

Mungu alimpa dole hilo, akamwongezea na mdomo. Ukimletea bushi mbaya hakuishia kuikataa. Alikutazama kuanzia viatu. "Hii umeinunua wapi, kwa muuza kandambili?" Kisha anaitupa mtaroni mbele yako, na ni mali yako. Wauza vipuri wazima wenye mvi waliondoka pale wamevuliwa nguo hadharani. Na sisi tulicheka, sitaficha, maana tulikuwa upande wa anayecheka.

Yule aliyemchekesha kuliko wote alikuwa Ng Boon Keat. Miaka ishirini na miwili iliyopita Boon Keat alikuwa fundi aliyeajiriwa pale gerejini, mwanamume wa miaka ishirini na sita, mpole, mwenye mkono mwepesi. Mkono huo ndio uliomponza. Wateja wawili watatu walianza kumpa yeye bushi awaminyie, Sithambaram akaona. Alingoja Jumamosi ambayo Boon Keat alimleta mkahawani baba wa mchumba wake, mzee mmoja mkavu kutoka Kuala Kangsar, aje aone mahali mkwe wake anapofanyia kazi na watu anaokaa nao.

"Boon Keat," Sithambaram akasema mbele ya meza zote, "leo nimechoka. Chagua wewe. Mkweo aone."

Ndani ya mfuko alikuwa ametia bushi tatu zilizotoka boksi moja, mapacha kabisa, na chini yake sarafu ya senti hamsini. Boon Keat aliingiza mkono. Akaminya, akasikiliza, jasho likamtoka, maana mzee alikuwa anamtazama. Mfuko ukalia: kli.

"Ya kwanza nzuri," akasema. "Ya tatu ya zamani kidogo. Ya pili bomba limelegea, naisikia inagonga."

Sithambaram akaupindua mfuko. Bushi tatu zikaanguka juu ya marumaru, zimefanana hadi namba. Senti ikabingirika, ikashuka mezani, ikaenda kusimama kwenye kiatu cha yule mzee.

"Tatu sawa," Sithambaram akasema taratibu. "Tatu sawa, bwana fundi."

Mkahawa mzima ulicheka mpaka Anti Siew Lan mwenye mkahawa akalazimika kuweka birika chini. Mzee wa Kuala Kangsar hakucheka. Alimaliza kahawa yake, akaondoka bila kuaga, na kabla mwezi haujaisha vitu vya uchumba vilirudishwa. Boon Keat aliacha kazi, akafungua duka la vipuri upande wa pili wa mji, akaja akaoa mwingine. Duka lilikuwa na jina zuri ubaoni, hakuna aliyelitumia. Tulisema kwa Tatu Sawa. Hata watoto wake shuleni waliitwa watoto wa Tatu Sawa.

Sasa njoo kwenye dole. Sukari ilimwingia Sithambaram akiwa na miaka hamsini na nane. Ilianza kwenye nyayo, ikaruka ikaja mikononi. Asubuhi moja mkewe Kamatchi alikuwa anageuza chapati akamwambia amshikie kikaango. Alikishika mpini wa chuma. Kamatchi ndiye aliyesikia harufu.

"Baba Mallika, unaungua."

"Nani?"

"Wewe. Achia."

Akaachia, akautazama mkono wake. Ngozi ya dole gumba imekunjamana na hana habari. Walitazamana pale jikoni, Kamatchi akaanza kulia, yeye akamkataza.

"Usimwambie mtu. Hata Mallika."

"Daktari je?"

"Daktari atanipa dole jingine?"

Kuanzia siku ile alichagua bushi kwa pua, kwa meno na kwa macho. Ukucha bado aliubandika, wateja waone, lakini alikuwa anatazama alama inavyopotea na kunusa kwa siri kama anayejifuta jasho. Mfuko wa unga akauacha, akasema ni mambo ya kitoto. Ilikwenda hivyo mwaka mzima.

Kisha akapata mafua. Bi Teoh, mwalimu mstaafu, alileta gari lake, Morisi ya kijani, na Sithambaram aliyezibwa pua akamchagulia bushi nne zilizokaa rafuni zikakauka. Hazikumaliza miezi minne. Zilipasuka, gari likaanza kuvuta kushoto, Bi Teoh nusura aingie mtaroni na mjukuu wake. Akaja gerejini kulalamika.

Aliyezifunga bushi zile alikuwa Rosli, fundi wake wa miaka tisa, mtu wa watoto wanne. Mafundi wanajua: bushi ya mpira huikazi bolti gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Unalishusha kwanza, magurudumu yabebe uzito, ndipo unakaza, la sivyo mpira unakaa umejipinda siku zote mpaka uchanike. Rosli alijua hilo kuliko jina lake. Alishusha, akakaza, na Sithambaram alikuwa amesimama palepale akimtazama.

"Ulikaza gari liko juu," Sithambaram akasema mbele ya Bi Teoh.

"Anko, nilishusha. Si ulikuwepo?"

"Unaniita mwongo mbele ya mteja?"

Rosli akavua ovaroli, akaikunja, akaiweka juu ya benchi. Hakuna gereji ya magari ya zamani iliyomchukua baada ya hapo, nani amchukue fundi aliyeharibu Morisi ya mwalimu. Alionekana sokoni akibeba makreti ya samaki. Sithambaram alijua alichofanya. Alilala nacho na kuamka nacho, na kila alipoamka alikuta bado analitaka jina lake kuliko alivyomhurumia Rosli.

Ndipo ikaja Pijo.

Ilikuwa Pijo 404 nyeupe ya mwaka sitini na saba, ya Daktari Lau, aliyeng'oa meno ya mji huu miaka arobaini kisha akastaafu. Aliinunua imeoza kwa mjane mmoja wa Kamunting. Bodi ikanyooshwa, injini ikafungwa, zikabaki bushi za mbele na nyuma. Sithambaram aliipenda Pijo ile tangu siku ya kwanza. Alikuwa na miaka sitini na moja, na aliona hatapata nyingine kama hiyo.

"Rafiki zangu wa chama cha magari ya zamani wanasema niweke zile za plastiki ngumu," Daktari Lau alisema. "Hazifi, eti."

"Hazifi. Utakufa wewe." Sithambaram alikuwa chini ya gari, sauti ikitokea miguuni pa daktari. "Pijo hii waliitengeneza ielee, Daktari. Weka plastiki, kila shimo la barabara litakupanda mgongoni. Bodi hii ya zamani itapasuka kabla ya bushi. Unataka gari au mkokoteni?"

Daktari akacheka. Alipenda kutukanwa na Sithambaram, aliona ni sehemu ya huduma. "Basi mpira. Boon Keat amepata za mpira aina mbili tatu, nimemwambia azilete mkahawani Jumamosi. Nimewaita na wa chama, wote kumi na mmoja, na magari yao. Nimewaambia habari ya mfuko."

Sithambaram akajitoa chini ya gari.

"Mfuko gani?"

"Wa unga, Sithambaram. Hawaamini. Nimewaambia wakuone kwa macho yao, halafu wote watakuletea magari."

Angeweza kusema hapana. Angesema nimezeeka, angesema sukari, daktari yule ni mtu wa heshima angemshika bega yakaisha. Lakini mtu aliyewatupia watu bushi mtaroni miaka thelathini hajui pa kuanzia kusema hivyo. Akasema, "Waje."

Alhamisi usiku hakula. Kamatchi alimwekea wali, akauondoa.

"Sema una homa."

"Watasema nimeogopa."

"Basi waambie ukweli, Baba Mallika. Ni ugonjwa. Hukuiba."

"Na Rosli nitamwambia nini?"

Ijumaa mchana Kamatchi alichukua mwavuli akasema anakwenda hekaluni, akakawia, akarudi na miguu imelowa matope hadi magotini. Sithambaram hakumuuliza. Alikuwa amekaa kitandani na bushi mkononi, anaiminya, anaiminya, ni kama anaminya kwa mkono wa mtu mwingine.

Jumamosi mvua ilipumzika. Magari yalijipanga nje ya mkahawa wa Anti Siew Lan tangu saa moja, yanang'aa, na wenyewe ndani wanabishana juu ya mayai nusu-mbichi. Daktari Lau alikuwa amevaa shati jipya. Boon Keat alikaa meza ya ukutani, peke yake, nywele zimeingia mvi, mfuko wa unga mbele yake. Alisimama Sithambaram alipoingia.

"Habari za siku nyingi, Anko."

"Nzuri, Tatu Sawa. Duka linakwenda?"

Watu wakacheka kidogo, wale wa mji. Boon Keat akatabasamu bila kuonyesha meno, akausogeza mfuko katikati ya meza. "Ziko tatu," akasema. "Chukua muda wako. Zitikise, zipime, ufanye upendavyo. Hakuna haraka."

Maneno hayo yalikuwa mema. Ndiyo yaliyomharibu Sithambaram. Alijiuliza mtu huyu ananibembeleza kwa nini, mtu niliyemkosesha mke, niliyempachika jina mpaka kwa watoto wake? Akaingiza mkono.

Humo ndani hamkuwa na kitu. Yaani vilikuwepo vitu, vidole viligonga, lakini hakuna kilichomwambia neno. Ngumu au laini, nzima au mbovu, kote kimya. Akabandika ukucha hewani kama mtu anayesoma na huku hajui kusoma. Kumi na mmoja wa chama wameinamia meza, Daktari Lau ameinua nyusi. Akazungusha mkono.

Mfuko ukalia: kli.

Akaisikia. Masikio yake yalikuwa mazima. Mfuko ukalia tena, wazi, chuma na chuma, na Boon Keat akamtazama usoni kwa namna ya mtu anayemngojea mwenzake avuke barabara.

Na hapo Sithambaram akajua. Aliujua mlio ule, si aliutengeneza mwenyewe? Senti hamsini. Miaka ishirini na miwili huyu mtu amekaa na kinyongo chake, amengoja, amekuja kunirudishia mzaha wangu mwenyewe, hata kubuni wake ameshindwa. Akautoa mkono. Akaufuta unga kwenye suruali polepole. Akaegemea kiti.

"Tatu sawa," akasema.

Hakuna aliyecheka, akadhani hawajaelewa.

"Zote sawa, Daktari. Boksi moja. Huyu alidhani nimesahau." Akamgeukia Boon Keat, mdomo wake wa zamani umerudi. "Miaka yote hiyo, Boon Keat, hukuota akili hata kidogo? Nilikufundisha mimi huo mchezo. Nilikupa kazi, nikakupa jina, leo unakuja kuniuzia mzaha wangu uliochakaa kama zile bushi zako? Haya mwaga. Toa na senti yako hamsini."

Kitu kilipita usoni mwa Boon Keat kikaondoka, na nadhani ni huruma iliyokuwa imemleta pale. Akaushika mfuko kwa pembe mbili, akaupindua.

Ya kwanza ilikuwa mpira mpya, laini, mzuri kuliko tulizoziona mwaka ule. Ya pili plastiki ngumu nyeusi, ilipoanguka ililia juu ya marumaru kama kete ya dhumna. Ya tatu ilikuwa ile iliyotolewa kwenye Pijo yenyewe, ambayo Daktari alimpa Boon Keat iwe mfano, imekula miaka hamsini na zaidi, imepasuka ufa wa kuingiza kidole, bomba lake linachezacheza ndani. Ikabingirika ikilia kli, kli, ikasimama mbele ya Daktari Lau.

Boon Keat akaukung'uta mfuko. Ukatoka unga.

"Hakuna senti, Anko," akasema.

Anti Siew Lan alikuwa amesimama karibu na birika. Mwanamke yule hajawahi kumiliki hata baiskeli. Akaiokota ile ya tatu kwa vidole viwili. "Si hii imepasuka?" akasema, akiuliza kwa nia safi. "Hata mimi naona."

Ukafika wakati wa Sithambaram kunyamaza, na angenyamaza labda tungeondoka na nusu ya jambo. Lakini aliweka mkono wake juu ya meza, akamgeukia Daktari Lau akaanza kueleza, kuwa mwanga ulikuwa mbaya, kuwa mfuko ulikuwa na unga mwingi, kuwa siku hizi watu wanapaka bushi mafuta ili zidanganye ukucha. Alieleza kwa bidii. Na wakati anaeleza, Boon Keat alichomoa kijiti cha meno kwenye kikopo, akakichoma kwenye nyama ya lile dole gumba lililolala juu ya marumaru. Hakukichoma kidogo. Kilisimama wima.

Sithambaram akaendelea kusema. Alisema habari za mafuta, akasema habari za viwanda vya siku hizi, anamtazama daktari machoni, na sisi sote, watu kama ishirini, tunatazama kijiti. Tone la damu likateremka likaingia chini ya ukucha. Daktari Lau alikuwa wa kwanza kuinua macho.

"Sithambaram," akasema. "Tazama mkono wako."

Akatazama.

"Anti Kamatchi alikuja dukani kwangu jana," Boon Keat akasema. Hakupaza sauti, na haikuhitajika. "Alinipigia magoti mbele ya wateja. Akasema mkono wa Baba Mallika umekufa miaka miwili sasa, nisimwaibishe, niweke ambayo hata mkono uliokufa utaijua. Nikamwambia ainuke, nikampa chai. Nikalilegeza bomba mwenyewe kwa nyundo lizidi kugonga, ili akilisikia tu ajue. Nilitaka imalizike salama. Nilifika hapa nikiwa nataka imalizike salama."

Angeishia hapo. Hakuishia.

"Miaka miwili, Daktari. Morisi ya Bi Teoh ilikuwa mwaka jana."

Daktari Lau alihesabu kichwani, tulimwona akihesabu. "Na Rosli?" akauliza.

Sithambaram alikuwa anakivuta kijiti, vidole vinamteleza, havimwambii kama amekishika au la. Mmoja wa wale wa chama akasema tu, "Mshenzi," akaenda kulipa kahawa yake. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, na magari ya zamani yakawaka nje, moja baada ya jingine, mpaka ikabaki Pijo tu, ambayo haikuweza kwenda popote kwa kuwa ilikuwa gerejini kwa Sithambaram bila bushi.

Nyumbani Kamatchi alikuwa amepika. Alipomwona uso akaelewa, lakini hakuelewa vipi.

"Ulikwenda kumwomba," Sithambaram akasema.

"Nilikwenda."

"Mbele ya watu."

"Ningemwomba wapi? Alikuwa na wateja." Akasogea, akaona tambara kwenye dole. "Si aliniahidi? Alisema ataweka inayogonga. Hakuweka?"

"Aliweka."

"Hukuisikia?"

"Niliisikia."

Kamatchi alisimama na mwiko mkononi. Mwanamke yule alivumilia mengi kwa mume wake, mdomo wake, kiburi chake, wali aliouondoa mezani bila kuguswa. Siku ile alimtazama kama anayemwona mgeni mlangoni.

"Basi ulitaka nini tena?" akauliza.

Sithambaram alikaa, akala, na mchuzi ulikuwa wa moto sana, aliujua kwa ulimi tu.

Jumatatu Daktari Lau aliibeba Pijo kwa lori hadi upande wa pili wa mji. Bushi alizichagua Boon Keat, za mpira, na aliyezikaza ni Rosli, gari likiwa chini, magurudumu yamebeba uzito wote. Daktari alimwita Bi Teoh aje atazame. Gereji ya nyuma ya duka la baiskeli ilifunguliwa miezi mitatu zaidi kwa ajili ya kubadilisha oili na kuziba pancha, kisha ikafungwa. Sithambaram alibaki wa kutumwa sokoni na mkewe, na kapu.

Huko sokoni, asubuhi moja kabla ya sikukuu ya Deepavali, muuza mboga alikumbuka kwamba Sithambaram amelipia majani ya mchuzi na hayakutiwa kapuni. Akayainua juu, akaita kwa sauti kuu kupita vichwa vya watu.

"Tatu Sawa! We Tatu Sawa!"

Boon Keat alikuwa hatua nne tu mbele, ananunua machungwa na mwanawe. Hakugeuka, hata bega halikumtikisika. Sithambaram alisimama, akahamishia kapu mkono wa kushoto, akageuka.